Njia ya Lami Haisemi Kiswahili

Kwa miaka miwili mimi na mwenzangu mmoja wa mwaka wetu tumekuwa tukipanga safari ya pikipiki kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam. Wengi hapa kitivoni wanaijua habari hiyo, na baadhi wameifanya utani wa wakati wa mapumziko: "Bado muko hapa?" Ndiyo, bado tuko. Tulitaka kuondoka Agosti 2024, tukabaki. Tukataka kuondoka 2025, tukabaki tena. Leo nataka kusema mbele ya wasomaji wa jarida hili kwamba tulikuwa tunapanga safari isiyo yetu. Ile ninayoipendekeza sasa, fupi, yenye vumbi, inayoishia Tabora bila kuiona bahari, ndiyo inayomfaa mwanafunzi wa Kiswahili wa Katanga. Najua watakaosema nimekuwa sungura wa "sizitaki mbichi hizi". Wanisikilize kwanza.

Nianze na njia ya kwanza, maana tuliijua kwa moyo kabla ya kuiona. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita kama 95. Hapo unaingia Zambia, unahama mkono wa kuume wa barabara kwenda mkono wa kushoto, unapita Chingola, Kitwe na Ndola mpaka Kapiri Mposhi. Kutoka Kapiri barabara kuu inapanda kaskazini-mashariki kupitia Serenje na Mpika hadi Nakonde, zaidi ya kilomita 800. Unavuka Tunduma, unapita Mbeya, Makambako na Iringa, unateremka mlima Kitonga, unakatiza mbuga ya Mikumi ambamo twiga na tembo wana haki ya kupita kabla yako, kisha Morogoro, Chalinze, Dar es Salaam. Jumla ni kilomita 2,000 na ushei, karibu zote za lami. Pikipiki ya cc 125 yenye mtu mmoja na mzigo wake inakunywa kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100. Kwa hiyo lita 50 na zaidi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Yote hayo tuliyaandika katika daftari moja la kurasa 100, pamoja na bei ya mnyororo, ya plagi na ya tairi la nyuma.

Hesabu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, mahali tulipoandika shabaha ya safari: "Kusikia namna Kiswahili kinavyobadilika njiani." Tulikuwa tumeshasoma somo la lahaja, tulitaka kujua ni wapi hasa "mutu" anapoteza ile "u" na kuwa "mtu", na ni wapi "batoto" wanakuwa "watoto". Swali zuri. Lakini itazame njia yenyewe. Ukishapita Kasumbalesa, na soko lake, na madereva wa malori wanaosubiri zamu, Kiswahili kinaisha. Kinachofuata ni Kibemba cha miji ya shaba, Kilala upande wa Serenje, Kibemba tena kule Mpika, Kinamwanga mpakani Nakonde, na Kiingereza juu ya mabango yote. Ni kilomita kama elfu moja bila sentensi moja ya Kiswahili isipokuwa ile ya madereva wenyewe. Kinakuja kutokea tena Tunduma, tayari kimeshabadilika. Kwa hiyo kwenye njia hiyo "batoto" wanakuwa "watoto" katika dirisha la forodha. Mtafiti wa Kibemba angefaidika sana na barabara hiyo, na namtakia safari njema. Sisi tungekuwa tumesafiri siku nne ndani ya ukimya wa lugha tunayoisoma.

Na hilo halikutokea kwa bahati. Njia ya lami ni njia ya shaba. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, Rodezia, na pamoja nayo wakaja wafanyakazi na lugha za huko. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, anaeleza jinsi Kiswahili kilivyopewa nguvu katika kambi za migodi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa wakati ule ilikuwa hofu ya Wabelgiji juu ya ushawishi wa Waingereza kutoka upande huo. Yaani Kiswahili chetu cha mjini kilikuzwa kwa kuupa mgongo mpaka wa Kasumbalesa. Nasi tukataka kukitafuta kwa kuutokea mpaka huo huo.

Kabla ya migodi kilikuwa kimeshaingia kwa miguu. M'siri alitoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 na watu wake, akatengeneza makao Bunkeya, akatawala biashara ya shaba na pembe mpaka alipouawa Desemba 1891. Misafara ya pwani ilipitia Tabora. Hapo njia iligawanyika, moja ikienda Ujiji na ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini. Kutoka ziwani watu wa Tippu Tip waliingia Manyema, Kasongo na Nyangwe. Mapadri Weupe wakapokea kituo cha Mpala mwaka 1885, kando ya maji yale yale. Ukichora mistari hiyo yote juu ya ramani, hakuna hata mmoja unaopita Kapiri Mposhi. Inakutana kwenye ziwa, na nyuma ya ziwa kuna Tabora. Mtu wa Lubumbashi anayetaka kwenda kwa babu zake wa lugha hana sababu ya kukimbilia Zanzibar kwanza. Zanzibar ni mbali sana katika ukoo huo.

Sasa karatasi, maana hapo ndipo vijana wengi wanaotuandikia "nasi tutakuja" wanaponyamaza. Pasipoti. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Permi ya kuendesha, ambayo wengi wa manseba wa mji huu wanafanya kazi bila kuwa nayo. Karti roz ya pikipiki, na kama jina lililomo si lako, barua ya idhini kutoka kwa mwenye jina, iliyotiwa muhuri. Bima ya COMESA, nayo inaitwa kadi ya njano, inayokubalika Zambia na Tanzania pia. Kwa hiyo msafiri ana kadi mbili za njano, moja ya mwili wake na moja ya chombo chake, na ole wake akizichanganya usiku. Kisha kibali cha kuingiza pikipiki kwa muda katika kila nchi, kuonyesha kwamba huendi kuiuza. Wazungu wanaopita hapa na pikipiki zao kubwa wana kile kitabu cha forodha kinachogongwa muhuri kila mpaka, ambacho nyuma yake kuna dhamana ya fedha katika benki. Sisi nyuma yetu tuna mama.

Kwenye njia ya lami shughuli hiyo inafanyika mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, kwa kuwa Zambia iko katikati. Na Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo imeingia mwaka 2022. Njia yetu ya kwanza ilikuwa inatoka katika Jumuiya ili kuingia tena katika Jumuiya. Kutoka Kalemie hadi Kigoma kuna mpaka mmoja tu, nao ni maji. Sidai kwamba mpaka huo ni mwepesi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi, ambao kwa miaka mingi kitambulisho chetu kimekuwa kadi ya mpiga kura, bado tuko mbali na hapo. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunaimba kwamba lugha hii haina mipaka. Ni kweli, lugha haina. Neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba watu kutoka kituo cha mpaka hadi kituo cha pili wakiwaita kwa Kiingereza kilichokatwa: boda, boda. Neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima bila pasipoti. Mwendesha bodaboda mwenyewe aulizwe amefika wapi.

Nimesema tulibaki Agosti 2024. Sababu tuliyowapa watu ilikuwa mpaka. Ni kweli kwamba mwezi huo Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache, katika ugomvi uliotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Ni kweli pia kwamba mwezi huo huo, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na kila msafiri kutoka Kongo akaanza kutazamwa ngozi yake kabla ya karatasi zake. Katika ratiba yetu tulikuwa na siku tano za akiba, na zote zilikwisha kabla hatujawasha injini. Sababu nzuri, yenye heshima, inayoweza kusemwa kitivoni. Lakini hata kama mpaka ungebaki wazi usiku na mchana, tusingeondoka.

Pikipiki niliyopanga kuondoka nayo ni ya mama. Aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, baada ya kungoja zamu hiyo muda mrefu. Yaya yangu anaiendesha kutoka siku ya kwanza hadi ya tano. Siku ya posho na jioni ninaiendesha mimi. Fedha yake inaingia nyumbani kila siku na kutoka kila siku: unga, mkaa, na mwanzo wa mwaka minervali ya wadogo zetu wawili. Mimi katika daftari nilikuwa nimeandika gharama za safari kwa uangalifu mkubwa, mafuta, chakula, vibali, na sikuwa nimeandika mahali popote kwamba kwa siku 45 nyumba ingekaa bila pikipiki. Hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote na haikuwa na mstari wake. Yaya hakusema neno. Siku moja tu alichukua daftari, akalisoma lote, akalirudisha mezani, akaenda kazini.

Juma lile lile la mpaka kufungwa, mama mkubwa, dada yake mama, alifariki. Wanaojua kilio cha Lubumbashi wanajua pikipiki inafanya kazi gani wakati huo. Ilibeba unga, ilibeba viti, ilibeba wazee kutoka Kenya na Kamalondo, ilikwenda kituo cha mabasi mara nyingi siku hiyo kuwapokea watu. Usiku wa pili, manseba wangu (mjomba wa kweli, ndugu ya mama, si dereva) aliniita pembeni, nikadhani ataniuliza habari za wageni. Akaniuliza habari ya safari. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, habari ya lahaja na "mutu" na "mtu". Akasikiliza mpaka mwisho. "Unaenda kutafuta Kiswahili," akasema. "Na hiki tunachokuitia bukari, ni nini?"

Kuna wenzangu niliowasimulia wakacheka na kusema mzee hakuelewa utafiti. Mimi naona aliuelewa kuliko sisi. Alikuwa anauliza kwa nini maneno ya nyumbani kwake yanahesabiwa kuwa mahali pa kutokea, na ya wengine mahali pa kufika. Someni TFC zetu zilizo maktabani: mifano ya Kiswahili sahihi imetoka vitabuni, na mifano ya makosa imetoka sokoni kwetu. Sisi wawili tulikuwa tumeifanya tabia hiyo iwe safari ya pikipiki.

Mwenzangu naye ana mke na mtoto mdogo. Katika mpango wa kwanza mke wake alikuwa ameandikwa katika safu ya "vikwazo", chini ya mvua na juu ya rushwa. Aliliona daftari. Sitaeleza zaidi.

Nasema haya yote kwa sababu tunapozungumzia safari ndefu, tumeazima namna ya kuzungumza ya watu wengine, ambamo familia ni kitu cha kuagwa. Kijana anafunga mzigo, anaaga, anaondoka, na jina lake ni jasiri. Aliyebaki kwa ajili ya minervali jina lake ni mwoga. Huku kwetu mtu anasafiri kwa ruhusa, na ruhusa ina thamani kubwa: inamaanisha kuna watu wanaojua uko wapi, na wanaojiona wana wajibu wa kukufuata. Mama aliniuliza jambo moja tu kuhusu njia ya Zambia: "Ukianguka, nani atakuja kukuchukua?" Nilitazama ramani, kilomita kwa kilomita, kutoka Kasumbalesa mpaka Dar es Salaam. Hapakuwa na mtu.

Ndipo nilipochora njia ya pili, na nilianza na watu kabla ya barabara. Mama ni Mtabwa. Kwao ni Moba. Kutoka Lubumbashi unapanda kupitia Kasomeno hadi Pweto, pale ambapo Luvua inatoka katika ziwa Moero, na Pweto kuna binamu ya mama anayeuza samaki. Kutoka Pweto unapanda milima ya Marungu hadi Pepa, nchi ya baridi na ng'ombe, ambako mtoto wa manseba ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutoka Pepa unateremka Moba kwa Kambo mwenyewe, mama yao mdogo, aliyebaki peke yake katika kizazi chake. Kutoka Moba hadi Kalemie kuna shemeji. Kigoma hatuna mtu wa damu, lakini shemeji wa Kalemie ana mteja wake wa miaka mingi upande ule, na katika biashara ya ziwa huo ni undugu. Kila siku mbili kuna mlango wa kubisha. Nilimsomea mama orodha hiyo jikoni. Hakusema ndiyo. Alisema binamu wa Pweto amehama, sasa anakaa karibu na soko.

Nikubali ubaya wa njia hiyo, maana si mdogo. Barabara kutoka Pweto hadi Moba ni ya udongo na mawe, na wakati wa mvua haipitiki. Inabidi kwenda kati ya Juni na Agosti tu. Mkoa wa Tanganyika umeona miaka mingi ya ugomvi wa silaha, na tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa mwanzoni mwa 2025, wakimbizi wengi wameshuka mpaka Kalemie. Njia ya tatu ambayo wengine walitushauri, ya kupitia Kivu, nimeifuta kabisa. Kwa njia ya pili kanuni yetu ni moja: kila asubuhi tunauliza kwa mwenye nyumba kabla ya kuwasha, akisema hapana tunabaki, na siku za kubaki zimeshaandikwa katika hesabu. Lami ingekuwa salama zaidi kwa tairi. Basi la Dar es Salaam lingekuwa salama zaidi kwa kila kitu, na anayetaka kufika tu achukue basi. Lakini basi halisimami pale mtu anapotamka neno usilolitegemea.

Na maneno hayo yapo njiani. Sisi tunaambiana mjini kwamba Kiswahili cha Moba na Kalemie ni "kisafi". Ningependa kujua kisafi kwa nini, kwa viambishi au kwa sauti, na wao wenyewe wanasema ni wapi kinachafuka. Samaki wa ziwa tunayemwita mikebuka, akishushwa Kigoma anaitwa migebuka. Ni samaki yule yule, amevuka maji na kubadilisha konsonanti moja. Ndakala wetu upande ule ni dagaa. Kambo, ambaye kwetu ni babu au bibi na anayestahili kiti kizuri kuliko vyote, kwa Mtanzania anaanza kunuka hadithi ya mama wa kambo, yule mbaya. Na nikisema nimekuja na "moto" kutoka Lubumbashi, sijui watu wa Kigoma watanitafutia maji. Nashuku kwamba mpaka wa "batoto" na "watoto" uko ndani ya mashua yenyewe, kati ya mabaharia, ambao kila mmoja anasema na abiria kwa Kiswahili cha abiria. Kama ni hivyo, hakuna kitabu cha maktaba yetu kitakachonionyesha, wala dirisha la Tunduma.

Kwa walimu wetu nina ombi ambalo limo katika hoja hii. Mwanafunzi anayeomba barua ya utume kwenda pwani anasikilizwa. Anayeomba ya kwenda Moba anaulizwa kama anakwenda likizo kwao. Ndiyo, anakwenda kwao, na ndiyo sababu atafunguliwa mlango na kuambiwa maneno ambayo mgeni hataambiwa. Kitivo kiandike barua hizo. Kikubali kwamba mazungumzo yaliyorekodiwa kwa simu jikoni kwa shangazi, yakiandikwa kwa uaminifu, ni data. Wala kisingoje mradi mkubwa wenye gari: kila likizo ndefu nusu ya wanafunzi wetu wanakwenda Kasenga, Kongolo, Kabalo, Manono, wakiwa wamebanwa nyuma ya lori au ya pikipiki, na kurudi na samaki peke yake. Wangeweza kurudi na kurasa kumi za maneno bila kuongeza faranga moja ya nauli.

Mpango wetu sasa ni siku 26, tano kati yake za kungoja meli Kalemie. Pikipiki ya mama inabaki kazini na yaya. Tunaondoka na ile ya manseba, iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba yake tangu klachi ilipokufa. Ameitoa kwa masharti mawili, tuitengeneze kwa fedha yetu, na tupeleke Moba kitambaa cha kilio cha mama mkubwa, ambacho Kambo hajakipokea kwa sababu habari ilimfikia kwa simu, na simu haibebi kitambaa. Tutakuwa wawili juu ya chombo kimoja mpaka Kalemie. Hapo mwenzangu atageuka, arudi kwa treni au kwa lori, kwa kadiri kitakachokuwepo. Ndivyo alivyokubaliana na mke wake, na safari hii mke wake ndiye aliyeandika tarehe katika daftari. Mimi nitavuka, nitafika Tabora, nitakaa siku nne, nitarudi. Lazima pikipiki iwe Lubumbashi kabla ya tarehe 25 Agosti, kwa sababu Septemba shule zinafunguliwa na manseba anataka kuiingiza nayo kazini.

Klachi imebadilishwa juma lililopita. Karti roz ina jina la manseba, na barua ya idhini bado haijapata muhuri wa notere. Kitambaa cha Kambo kiko juu ya kabati la mama, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na chini yake ameweka karatasi yenye bei ya mikebuka ya Moba kama alivyoikumbuka.